Sura ya Sita: Vipimo Vitatu vya Soila

Jumamosi saa moja asubuhi Sajenti Aminiel Sumari alifungua mlango wa mahabusu, akamkuta Lesian amekaa sakafuni vilevile alivyomwacha jana yake jioni. Mgongo ukutani, miguu imenyooka, kikombe cha chai pembeni kimeshika utando.

“Shikamoo, afande.”

“Marahaba. Hujanywa chai.”

“Wanazika saa ngapi?”

“Saa nane.”

Lesian aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa Olmotonyi, miaka arobaini na tano, ng’ombe wachache na shamba la mahindi. Siku ya tatu hii alikuwa ndani kwa kifo cha mkewe.

Mkewe aliitwa Soila. Alikuwa mfanyakazi wa shamba la maua la Nasieku, chini ya Mlima Meru, upande wa kupanga waridi kabla hazijapelekwa kwenye ndege. Alhamisi saa nne asubuhi alianguka katikati ya ndoo za maua, na gari halijafika hospitali akawa amekata roho. Mchana uleule shamba lilileta barua polisi, imechapwa, ina mhuri: marehemu alikuja kazini analalamika kichwa, mkononi ana alama, na majirani walisikia ugomvi Jumatano usiku. Mume ahojiwe. Sumari alikuwa na miaka thelathini na moja kazini na hajawahi kuona kampuni inamwandikia mfanyakazi barua haraka namna ile. Mfanyakazi akiwa hai, barua ya likizo tu inakaa mezani mpaka inabadilika rangi.

“Nirudie Jumatano,” Sumari alisema. “Mligombania nini?”

“Nimeshasema.”

“Sema tena. Saa nane haisubiri mtu.”

Lesian aliangalia vidole vyake. “Alisema kichwa kinamgonga huku kisogoni, kesho haendi kazini. Nikamwambia, nenda ukabane mbele ya nesi, mimi si nesi. Ukikosa siku nyingine watakufukuza. Akalia. Nikapandisha sauti. Ndiyo hiyo waliyosikia.”

“Ulimshika mkono?”

“Sikumgusa.”

“Kwa nini ulidhani anakudanganya?”

“Machi alibana, akapata ruhusa, tukaenda kipaimara cha kijana wetu. Tulicheka njia nzima. Sasa Jumatano nikajua ni yaleyale.”

Sumari hakuhitaji kuelezwa. Kubana kulijulikana Nasieku yote. Unakaa kwenye benchi, nesi anakufunga mkanda wa mashine ya presha mkono mmoja. Mkono wa pili unaupitisha chini ya benchi, unaukamata ubao kwa nguvu zako zote. Unakaza mapaja, unazuia pumzi kama mtu anayenyanyua gunia, ila hakuna kinachosogea. Namba zinapanda. Nesi anashtuka, anakuandikia ED, ile karatasi ya kupumzika. Shamba lilikuwa halitoi ruhusa ya msiba wala ya mtoto, basi watu wakajitafutia ruhusa kwa misuli yao.

“Kama alikuwa anabana,” Lesian alisema, “afande, sawa. Lakini mimi sikumpiga. Nataka nimzike mke wangu, basi. Baada ya hapo mnirudishe mkitaka.”

Sumari alifunga mlango.

*

Nje ya chumba cha maiti palikuwa na benchi la chuma. Sumari hakulikalia. Miaka mitatu nyuma alikaa hapo kutwa nzima, mwili wa mkewe uko ndani na mwenye ufunguo yuko kwenye semina. Alisimama mpaka daktari alipotoka, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi.

“Kichwa hakina ufa, mzee,” daktari alisema. “Ngozi nzima, mfupa mzima. Mshipa umepasuka kwa ndani, damu imejaa kwenye ubongo. Na moyo wake umetanuka, ukuta wa kushoto umekuwa mnene. Huyo alikuwa na presha miaka mingi.”

“Na mkono?”

“Nimeandika kuna alama mkono wa kushoto, juu ya kiwiko.”

“Nionyeshe.”

Daktari alifunua shuka kidogo, mkono tu. Sumari aliinama. Hazikuwa alama za bluu. Vilikuwa vidoti vyekundu, vidogo kama mbegu za mchicha, vimezunguka mkono mzima. Juu vimekatika kwa mstari, chini vimekatika kwa mstari. Aliweka kiganja chake karibu bila kugusa. Mkanda ule wa vidoti ulikuwa na upana wa kiganja na nusu.

“Mwanamume akikamata mkono wa mtu,” alisema, “dole gumba linakaa wapi?”

Daktari alifikiri. “Linaacha alama yake peke yake. Vidole vinne upande wa pili.”

“Hapa dole gumba liko wapi?”

“Halipo.”

“Mashine ya presha inaweza kufanya hivi?”

Daktari alirudisha shuka taratibu. “Inaweza. Mtu presha ikiwa juu sana, mashine inajaza upepo mpaka imshinde. Ukirudia mara mbili, mara tatu, vimishipa vya juu vinavuja.”

“Mbona hukuandika?”

“Waliniuliza inaweza kuwa ni mkono wa mtu? Nikasema inaweza.”

Sumari alimtazama, akaona hakuna ubaya ndani yake, ni uchovu tu na maswali ya wakubwa. Alitoa daftari.

“Sasa nifundishe kama mtu wa darasa la saba, maana ndiyo mimi. Kubana kunapandishaje presha?”

“Msuli ukikaza bila kutembea unaminya mishipa iliyomo ndani yake. Damu inapita kwa shida. Mwili unalazimisha, moyo unapiga haraka na kwa nguvu zaidi, mishipa mingine inajifunga. Ukizuia na pumzi inapanda zaidi. Ukiachia, dakika moja au mbili imeshashuka.”

“Kwa nguvu zote mtu anaweza kubana muda gani?”

“Dakika mbili. Tatu akiwa na nguvu za ng’ombe. Baada ya hapo mkono unatetemeka wenyewe.”

Sumari aliandika: *dakika tatu*. Simu ikalia. Ilikuwa ni mkuu wa upelelezi.

“Uko wapi, Sumari?”

“Hospitali, afande.”

“Jalada la Olmotonyi nalitaka mezani saa sita. Meneja wa Nasieku ameshanipigia mara mbili. Mume ana kesi, mbona unazunguka?”

“Saa sita litakuwepo, afande.”

*

Getini Nasieku mlinzi alimwambia asubiri ofisi. Sumari alisema anasubiri, akaegesha pikipiki, akapita upande wa vyumba vya kubadilishia nguo. Alikuwa anamtafuta Joyce, aliyekuwa anapanga maua meza moja na marehemu. Alimkuta anavaa buti za mpira. Mikono yake imechanwachanwa na miiba mpaka kwenye viwiko.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Alhamisi asubuhi ulimwona Soila hapa?”

“Saa moja na nusu. Alivua sweta akabaki na blauzi isiyo na mikono. Mimi ndiye nilimfunga aproni kwa nyuma.”

“Mikono yake?”

“Mitupu. Miiba tu kama sisi wote.”

“Hakuna wekundu hapa juu?” Sumari alijigusa juu ya kiwiko.

“Baba, ningeuona. Tungemtania mpaka saa kumi.”

“Hukusema?”

“Nilisema! Supavaiza akanijibu nirudi kwenye maua, ndege haisubiri.” Alivuta buti kwa hasira. “Wanasema alibana, eti? Soila alikuwa mbanaji mbovu kuliko wote hapa. Machi tulimfundisha wiki nzima. Kamata ubao, kaza mapaja, usipumue. Akafika kwa nesi, katikati akacheka. Namba zimepanda, ED akapata, lakini meneja alikuwa anapita dirishani, akamwona anacheka. Ndiyo akaingia kwenye orodha.”

“Orodha gani?”

“Ya wabanaji. Ukiwa humo, hata ukitoka damu puani unaambiwa umebana.” Joyce alisimama. “Wewe ukitaka ED nitakufundisha, baba. Una mikono mizuri ya kubana.”

“Nifundishe,” Sumari alisema, na alikuwa hatanii.

*

Zahanati ya shamba ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, kitanda, meza na mashine ya presha ya betri. Nesi aliitwa Agnela, mama wa Kirombo wa miaka kama thelathini na tano, rozari shingoni. Sumari hajamaliza kusalimia, mlango ukafunguliwa, meneja utumishi akaingia. Bwana Allen. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni.

“Mzee wangu, karibu sana. Ungepitia ofisini tungekupa ushirikiano.”

“Ushirikiano nautaka hapahapa. Kaa.”

Allen alikosa kiti, akakaa kitandani. Sumari alifungua kitabu cha wagonjwa. Alhamisi, saa mbili na robo: *Soila Lesian, kichwa. 150 juu ya 95. Amebana. Arudi kazini.* Mwandiko wa Agnela, ila neno la mwisho limekandamizwa mpaka karatasi imetoboka.

“Hii ndiyo hali halisi,” Allen alisema. “Na kuna kingine ambacho sikukiweka kwenye barua, kwa heshima ya marehemu.” Alitoa bahasha, akamimina mezani kitu kama soseji ya kitambaa, kanga iliyoviringishwa ikafungwa uzi. “Kilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake. Anakificha mkononi, anakibana. Daktari wetu wa Dar ameniambia kwa simu, mtu mwenye presha akijibana hivyo anaweza kupasuka mshipa. Kwa hiyo kama si mume, ni yeye mwenyewe.”

“Ni kipi? Mume au kitambaa?”

“Mimi si polisi, mzee.”

“Barua yako ya Alhamisi ilikuwa polisi.”

Sumari alikichukua kitambaa, akakiminya. Kilikuwa laini, kimechakaa sehemu ya vidole. Kule kuchakaa hakukuwa kwa siku moja, ilikuwa ni kazi ya siku nyingi.

“Nesi, hiki kimetengenezwa na nani?”

Agnela alimwangalia Allen, kisha akaangalia meza. “Mimi.”

“Cha nini?”

“Cha mazoezi. Nilifundishwa kwenye semina. Mtu anakikamata kwa nguvu kidogo tu, kama theluthi ya nguvu zake, dakika mbili, huku anapumua vizuri. Anapumzika. Mara nne. Siku tatu kwa wiki. Ikipita miezi miwili presha ya kila siku inashuka kidogo. Si badala ya dawa, ni pamoja na dawa.”

“Yaani kubana kunashusha?”

“Wakati unabana inapanda. Ukifanya kidogokidogo kwa wiki nyingi, mishipa inajifunza kulegea. Wanaobana ili kupata ED wanakamata kwa nguvu zote na kuzuia pumzi, mara moja. Hiyo haimfundishi mtu kitu.” Sauti yake ilikuwa inapata nguvu. “Nilianza na wanawake sita. Soila alitoka mia na sabini akafika mia arobaini na nane. Alikuwa hakosi. Julai meneja akapiga marufuku.”

“Walikuwa wanajifunza kutudanganya!” Allen alisema.

“Na dawa zake?” Sumari aliuliza.

“Ziliisha Agosti. Niliandika oda.”

“Oda inashughulikiwa,” Allen alisema.

“Ndiyo,” Sumari alisema. “Sasa mazishi pia yanashughulikiwa.”

Alivua koti, akakunja shati, akakaa kwenye benchi. “Nipime.”

Mkanda ulivimba, ukalegea. 132 juu ya 82, mapigo 74.

“Meneja, niandikie. Wewe una mwandiko mzuri.”

Allen aliandika. Sumari alipitisha mkono wa kulia chini ya benchi kama Joyce alivyomwelekeza, akaukamata ubao. Akakaza mapaja. Akazuia pumzi, akaiachia kidogo, akazuia tena. Agnela alisubiri dakika moja, akabonyeza mashine. Jasho lilimtoka Sumari kwenye paji la uso na mishipa ya shingo ikasimama.

171 juu ya 106. Mapigo 101.

“Usiache,” alijiambia kwa sauti, lakini mkono ulikuwa umeanza kucheza wenyewe, na benchi likawa linatetemeka pamoja naye. Dakika ya pili haijaisha vizuri, vidole vilijifungua. Alihema. Agnela alihesabu dakika mbili nyingine kwa saa yake, akapima tena.

135 juu ya 84. Mapigo 78.

“Nibane tena?”

“Huwezi,” Agnela alisema.

Alijaribu kushika kalamu, ikaanguka. “Kweli siwezi.” Aliuokota mkono wake kwa mkono mwingine, akauweka mapajani. “Hii mashine inakumbuka?”

Agnela alianza kukunja mkanda wa mashine. Nje trekta lilipita na mabomba ya dawa.

“Nesi.”

“Inakumbuka,” Agnela alisema. “Vipimo sitini, na saa yake. Huwa hatuangalii.”

“Hiyo ni mali ya kampuni,” Allen alisema akisimama. “Bila kibali cha ofisi...”

Sumari alitoa hati ya kukamata kielelezo, aliyoijaza mwenyewe asubuhi kwa herufi kubwa. Akaiweka juu ya kitabu. “Rudi nyuma, nesi. Mpaka Alhamisi.”

Agnela alibonyeza. Ijumaa ilipita. Alhamisi mchana ilipita. Kidole chake kikasimama. Sumari alivaa miwani.

Saa mbili na dakika kumi na nne: 212 juu ya 124, mapigo 66.

Saa mbili na dakika ishirini na mbili: 208 juu ya 122, mapigo 64.

Saa mbili na dakika thelathini na moja: 214 juu ya 126, mapigo 66.

Mia hamsini juu ya tisini na tano haikuwepo. Haikuwepo Alhamisi, haikuwepo Jumatano. Sumari alirudi nyuma mpaka wiki nzima ikaisha.

“Dakika kumi na saba,” alisema. “Mimi nimeshindwa mbili, na moyo wangu ulikimbia mpaka mia na moja. Wake ulikuwa unatembea taratibu, sitini na sita. Meneja, huyo mbanaji wa dakika kumi na saba ambaye moyo wake haujui kama anabana, umewahi kumwona?”

“Mimi si mtaalamu wa...”

“Nyamaza kidogo. Nesi, mwandiko ni wako. Namba si zako. Ni za nani?”

Agnela alikaa kwenye benchi. Alizungumza akiangalia mashine, kama anaisomea.

“Kipimo cha kwanza nilishtuka. Nikamwambia fungua mikono, weka yote mezani, viganja juu. Akaweka. Nikapima cha pili. Nikamlaza hapo kitandani alipokaa meneja. Nikampigia meneja simu, nikamwambia huyu anatakiwa hospitali sasa hivi, anahitaji gari. Akauliza ni nani. Nikasema Soila. Akasema huyo yuko kwenye orodha, amekufanyia mchezo. Andika mia na hamsini, arudi kazini, leo tuna oda ya ndege.”

“Nilisema afuate utaratibu,” Allen alisema.

“Utaratibu uko kwenye droo.” Agnela alivuta droo, akatoa karatasi. Majina kumi na moja, sahihi ya meneja chini, na agizo: waliotajwa wasiandikwe ED wala gari bila idhini ya ofisi.

Sumari aliichukua. “Kipimo cha tatu mikono yake ilikuwaje?”

“Wazi. Imelala juu ya shuka.” Agnela alianza kulia bila sauti. “Alikuwa amesinzia, afande. Mashine ilimwamsha. Akaniuliza, nesi, imeshuka? Nikamwambia imeshuka.”

Sumari aliandika yote, neno kwa neno, pamoja na hilo la mwisho, akampa asome na kuweka sahihi. Agnela aliweka. Hakuuliza kama atapoteza kazi. Allen alikuwa tayari ametoka nje anapiga simu.

*

Mkuu wa upelelezi alisoma jalada saa sita na nusu, miguu chini ya meza inacheza. Alisoma ripoti ya daktari yenye nyongeza mpya, maelezo ya Joyce, maelezo ya Agnela. Aliigeuza mashine kwenye mfuko wake wa nailoni kama inaweza kubadilisha mawazo.

“Umefanya kazi ya watu, Sumari.”

“Ndiyo, afande.”

“Mume atoke.” Aliweka sahihi. Karatasi ya pili, ya kumwita Allen kuhojiwa, aliivuta pembeni, akaiwekea kikombe juu. “Hii tutaiangalia Jumatatu.”

“Jumatatu ipi, afande?”

“Sumari.”

“Ndiyo, afande.”

Alitoka. Kwenye korido alisimama na jalada mkononi. Alikuwa amelikimbiza tangu asubuhi ili limtoe mtu ndani, na sasa lilikuwa linamtoa. Lakini mtu hatoki bila kusomewa kwa nini anaachiwa, na aweke dole gumba kwamba ameelewa. Karatasi iliyosema Lesian hakumpiga mkewe ndiyo hiyohiyo iliyosema mkewe hakuwa mwongo.

Alimsomea pale kaunta, kwa sauti ya kawaida, asiruke kitu. Daktari. Vidoti vyekundu. Saa mbili na dakika kumi na nne. Ishirini na mbili. Thelathini na moja.

“Hizo namba ni kubwa?” Lesian aliuliza.

“Kubwa.”

“Na mikono?”

“Ilikuwa wazi.”

“Yote miwili?”

“Yote miwili. Alikuwa amelala.”

Lesian aliangalia kidau cha wino. Dole gumba lake lilikuwa limeshatoka kwenye kiganja, likasubiri hewani.

“Afande,” alisema, “si ungeniacha na lile la kumpiga.”

Sumari alimshika kidole, akakichovya, akakiweka mahali pake.

*

Walifika Olmotonyi saa nane na dakika kumi, Lesian nyuma ya pikipiki bado na shati la Alhamisi. Watu walikuwa wamejaa uwanjani mpaka kwenye migomba. Jeneza lilikuwa limeshatolewa. Kijana wao wa kipaimara alikuwa mbele ameshika msalaba wenye jina. Mzee wa kanisa alikuwa anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, aliajiriwa, aliugua ghafla.

Kwenye safu ya wageni alikaa Allen, suti nyeusi, shada la waridi za Nasieku magotini. Aliitwa kutoa salamu za kampuni. Alisema marehemu alikuwa mchapakazi, na kwamba uongozi umeguswa sana, na kwamba ugonjwa hauna adabu. Aliweka shada. Sumari alisimama nyuma karibu na ng’ombe, kofia mkononi. Hakuwa na karatasi ya kumkamata mtu yeyote. Karatasi ilikuwa chini ya kikombe.

Mzee wa kanisa aliuliza kama kuna mwenye neno kabla hawajaenda kaburini.

Mama mzazi wa Soila alisimama kwa shida, akashikiliwa na wajukuu. Alikuwa mwanamke mwembamba, masikio yamening’inia, na Kiswahili chake kilikuwa kinatoka neno moja moja.

“Mimi nauliza,” alisema. “Mtoto alisema kichwa kinauma. Jumanne alikuja kwangu akasema. Mtu anaumwa kichwa, anaenda kazini kufanya nini? Nani alimwambia aende?”

Allen aliinama, akawa anasawazisha utepe wa shada ambao haukuwa umepinda.

Lesian alitoka katikati ya watu. Hakumtazama Allen hata kidogo. Alienda mpaka mbele ya mama yule, akapiga magoti kwenye udongo wa uwanja, mbele ya mwanawe, mbele ya kanisa lote.

“Alikuwa anaumwa kweli, mama. Imepimwa mara tatu. Kazini walimwambia ni mwongo.” Akainua uso akamtazama. “Lakini wa kwanza kumwambia ni mimi.”